Watazamaji wa Filamu ya Mwalimu

Haya yalimkuta jirani yetu, fundi wa video. Siku ya harusi ya bintiye kanda tupu zilimwishia, akairekodi harusi juu ya kanda ya filamu ya Mwalimu, akaifuta. Mwalimu ni mama mmoja aliyeihangaikia miaka sita na kumwachia nakala yake pekee aitunze.

“Filamu yako ilikuwa nzuri, mama,” alimwambia baadaye, “lakini nani angeitazama?”

“Watazamaji utaniletea wewe,” alijibu Mwalimu, bila kucheka. Mwezi haukuisha, akazikwa.

Juzi mchana mkewe alimwambia, “Fundi wa watu, hebu jaribu hiyo kanda ya harusi kabla wakwe hawajafika. Usituaibishe.”

Alifunga mapazia, sebule ikawa giza tii. Kanda ilikwaruza, harusi ikatokea bila muziki. Kilichosikika ni viti vikiburutwa sakafuni. Mmoja mmoja, wageni walimpa bibi harusi migongo, wakaketi kutazama ukuta mweupe. Kisha bintiye naye akageuza kiti. Wote wakaanza kupiga makofi, polepole, kama watu waliolazimishwa.

Mstari wa mbele kilibaki kiti kimoja kitupu. Juu yake lilining'inia koti la fundi, lile alilokuwa amelivaa wakati akifunga mapazia.