Kivuli cha Mlango wa Watu

Kivuli kile hakikuhama. Asubuhi kililala ukutani chini ya dirisha la Bi Mkubwa. Saa nane mchana, jua likiwa limeshageukia upande wa pili, kilikuwa pale pale, na ukikikanyaga unasikia baridi unyayoni. Mtu mwingine angeuliza. Lakini aliyekitengeneza ni Mjuaji, na Mjuaji tangu azaliwe hajawahi kuuliza kitu.

Jina hilo alipewa na majirani, nao hawakukosea. Mama mkwe wake, Bi Mkubwa, alikuwa mgonjwa wa moyo, na daktari alisema joto litamuua. Chumbani mwake mlikuwa na kiyoyozi, ila mashine yake ya nje ilichomwa na jua mchana kutwa mpaka ikawa inakoroma tu bila kutoa baridi. Fundi alieleza vizuri: "Bosi, iwekee kivuli juu, pembeni acha wazi ipumue. Bati moja linatosha."

Bati moja! Mjuaji akaona kadharauliwa. Nyuma ya nyumba kulikuwa na gofu. Wenyewe walihama zamani na kuacha kila kitu wazi, isipokuwa chumba kimoja cha uani ambacho mlango wake waliupigilia misumari kwa nje. Mwenye akili akiona mlango wa namna hiyo, hupita. Yeye aliung'oa, akaubeba kichwani, akaulaza juu ya mashine huku akipiga mluzi.

"Umeuomba kwa nani?" mkewe aliuliza.

"Niuombe kwa nani na hapana mtu?"

"Na ile misumari waliipigilia ya nini?"

"Mke wangu, ubao ni ubao."

Chumba kikapoa. Kikapoa kupita kiasi. Na Bi Mkubwa, aliyeamka na matusi na kulala na matusi, ambaye salamu yake ya asubuhi ilikuwa "Bado mpo tu?", akanyamaza. Siku ya tatu bintiye, mke wa Mjuaji, alimpelekea uji aliosahau kuutia sukari.

"Ahsante, mwanangu," akasema, akitabasamu.

Binti alikidondosha kikombe.

Fundi aliitwa tena kwa sababu ya harufu, harufu ya majivu yaliyolowa. Alichungulia chini ya mlango, akauingiza mkono, akautoa mbio. "Dada," alinong'ona, "mashine ya nje haiingizi hewa ndani, inatupa joto tu. Hiyo harufu haina pa kupitia. Na humu kuna kitu kinapumua, na mashine nimeizima." Akamgeukia Mjuaji. "Rudisha mlango wa watu."

"Fundi gani anaogopa ubao?" Mjuaji alicheka. "Baridi ipo, kelele za mama zimekwisha. Mnataka nini tena?"

Kumbe hilo ndilo lililomfurahisha! Mkewe alimtazama kwa hasira iliyomkausha mate, akaingia ndani kukaa na mama yake, na hapo, adhuhuri, jua likiwaka nje hata kuku wamejificha, akasikia ukutani kucha zikikwaruza, taratibu, kutoka dirishani kuja kitandani, na harufu ya majivu ikamjaa kooni, na akaona kile kivuli kimepanda ukuta kwa ndani na kuingia chini ya shuka, na mama yake, macho wazi, akatabasamu tena, akasema kwa upole, "Usiguse mlango wangu."

Binti alitoka, akamshika mumewe shati. "Beba! Leo utaubeba wewe na ujuaji wako!"

Wakaurudisha gofuni. Mjuaji alipigilia msumari wa mwisho, na wote wawili wakasikia mlango ukigongwa kwa ndani.

"Mpumbavu mkubwa we!" sauti ilifoka. "Ukigawiwa akili utaiuza! Nifungulie, nasikia baridi!"

Ilikuwa sauti ya Bi Mkubwa. Binti akaelewa. Jini lililofungiwa chumbani humo lilikuwa limetoka siku mlango ulipong'olewa, likaingia mwilini mwa mama yake, na roho yake likaitia mahali pake gofuni. Sasa wamempigilia misumari.

Akaokota shoka. Mjuaji akauziba mlango kwa mgongo.

"Fikiria kwanza," alinong'ona. "Yule wa nyumbani hatukani."

"Ondoka, au nitaanza na wewe."

Akaondoka. Shoka likapasua mbao, upepo ukatoka ukampita binti kuelekea nyumbani, na mwingine, wa baridi, ukaja kutoka huko ukaishia kwa Mjuaji aliyejibanza ukutani. Ndani hapakuwa na mtu. Binti alikimbia nyumbani, na kabla hajafika mlangoni akasikia: "Uji gani huu hauna sukari? Mnanilisha maji ya mbuzi?" Akaanguka kitandani akilia, akamkumbatia mama yake huku akitukanwa, na hakuna maneno matamu zaidi aliyowahi kusikia.

Leo juu ya mashine kuna bati moja, pembeni wazi, na kivuli chake kinahama na jua kama vivuli vyote. Cha Mjuaji ndicho kisichohama. Saa sita mchana, kila mtu kivuli kikiwa chini ya miguu, chake hulala kirefu, cheusi, kimeelekea dirisha la Bi Mkubwa.

"Mkwe!" bibi humfokea kutoka kitandani. "Si ulitaka kivuli? Kaa nacho huko huko!"

Naye hukaa huko, juani, akitetemeka kwa baridi.