Msahihishaji wa Saza

Walikutana kwenye steshenari moja karibu na mpaka wa Tunduma, wakigombea soketi ya kuchajia simu. Tabita alikuwa amevaa gauni la njano linalowaka.

"Dada Njano," kijana mwenye chaja mkononi akamwambia, "nimebaki na asilimia mbili na somo halijaisha."

"Somo gani?"

"Kozi ya biashara ya mtandaoni. Ya bure."

"Hata mimi nipo humo," Tabita akacheka. "Chomeka basi, kaka, usije ukafeli ukanisingizia."

Kijana huyo aliitwa Lusubilo. Kozi yenyewe ilikuwa na wanafunzi elfu arobaini na mwalimu mmoja wa kwenye video, kwa hiyo kazi walisahihishiana wenyewe, bila majina. Mapenzi yao yakaanzia humohumo. Kwa miezi miwili Lusubilo hakumwita jina jingine ila Njano.

Siku moja Tabita akampigia simu akicheka. "Mpenzi, kuna mtu nimempa mbili kwa kumi. Eti atawauzia barafu madereva wa malori pale Mpemba. Nimemwambia akalime."

"Mtu huyo ni mimi, Tabita."

Watu elfu arobaini, ikamwangukia yeye! Kesho yake Lusubilo akaenda Saza kuchimba dhahabu. Wiki ya tatu simu yake ikawa haipatikani, na habari zikafika Tunduma kwamba shimo limetitia huko, mchimbaji mmoja yumo ndani, jina halijulikani. Tabita alilia mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya nne, mchana, simu yake ikalia dukani kwake. Kazi yake imesahihishwa, tisa kwa kumi. Chini msahihishaji ameandika: "Njano, wahi Saza kabla ya Ijumaa mchana. Anataka kushuka."

Ni mtu mmoja tu aliyemwita Njano. Alifunga duka, akapanda gari la Mkwajuni, kisha bodaboda. Ijumaa asubuhi akamkuta Lusubilo mdomoni mwa shimo, kamba kiunoni.

"Usishuke. Nisamehe, mpenzi. Nimekuja kwa ujumbe wako."

"Ujumbe gani? Simu yangu iko chini, Njano. Nilimpa Gasper, rafiki yangu. Hakuwa na simu, tukawa tunasomea akaunti yangu. Alishuka nayo siku ile shimo lilipotitia. Naenda kumtoa, hata akiwa maiti."

Tabita akamwonyesha ujumbe. Lusubilo aliusoma; jina Njano alimwambia Gasper peke yake. Akafungua kamba polepole. Hawajafika hatua kumi, udongo nyuma yao ukazama taratibu, bila kishindo, shimo likajifunga.

Simu ya Tabita ikalia tena. Kazi mpya ya kusahihisha, imetumwa asubuhi ileile: mpango wa saluni ya kunyolea, Vwawa.

"Hiyo ndiyo ndoto ya Gasper," Lusubilo alisema. "Kila siku alikuwa anaisema hiyo."

Wakakaa chini wakaisoma yote. Ilikuwa kazi nzuri.

"Tumpe ngapi?"

"Kumi. Halafu nipeleke kwa baba yako nikajitambulishe."

Tabita akafuta machozi, akabonyeza kumi. Papo hapo, kutoka ardhini chini ya miguu yao, simu ya Lusubilo ikalia mara moja.