Majina Sita Aliyoyafuta Eunike

Kila asubuhi Eunike alimkatia ng'ombe wao majani, akampelekea bibi maziwa jikoni, kisha akateremka shuleni mbio kwenye utelezi wa Machame, viatu mkononi. Ng'ombe huyo alikuwa na kiburi. Majirani walisema akicheleweshewa majani humwita Eunike kwa jina lake la ubatizo, tena kwa ukali. Lakini wiki ile hata ng'ombe alinyamaza, maana aliona binti haimbi tena.

Jambo lenyewe lilianzia kwenye klabu ya kompyuta. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza programu ya kuandika kiasi cha maziwa ya kila nyumba. Msaidizi wao alikuwa akili mnemba: unaiandikia unachotaka, nayo inakuandikia programu. Kwa wiki tatu Filemon, fundi mkuu wa klabu, aliiamuru tu, "Tengeneza programu ya maziwa!" Nayo ikakimbia kama mbuzi aliyekata kamba. Mwisho wake ng'ombe mmoja akaonekana ametoa lita elfu nne kwa siku moja.

"Huyo atazamisha Moshi yote," Filemon alisema.

Ndipo Eunike alipoleta karatasi yenye kichwa "Hatua za Eunike." Iliiagiza akili mnemba iulize maswali kwanza, iandike mpango, isubiri ruhusa, kisha itengeneze kipande kimoja kidogo na kukijaribu kabla ya kugusa kingine. Programu ikatulia. Makofi yakapigwa mpaka kuku wa mwalimu mkuu wakakimbilia migombani. Mwalimu Winfrida, mlezi wa klabu, akasema hatua hizo zitaandikwa kwenye bango la maonyesho mjini Moshi, na Eunike ndiye atakayesimama kuzieleza.

Shida ni kwamba hakuzibuni yeye. Alizikuta mtandaoni, zimewekwa wazi na mtaalamu mmoja aitwaye Leodegar. Juu kabisa paliandikwa: chukua bure, badilisha upendavyo, ila yaache majina. Yalifuata majina sita: la Leodegar mwenyewe na ya watu watano aliojifunza kwao. Eunike aliyafuta. Alijiambia kwamba mashine inataka maagizo, haina haja na majina ya watu. Pale juu pakabaki peupe, na mahali peupe pana ushawishi wake. Akaandika jina lake.

Jumamosi alikwenda na babu yake, mzee Ndelilio, kusafisha mfongo, yaani mfereji unaoleta maji mashambani kutoka mlimani. Watu walipopumzika, babu akakohoa kidogo.

"Hii niliipata kwa marehemu Efraimu," alisema. "Uongo ni wake, chumvi ni yangu. Aliyechimba mfongo huu alichimba mpaka jembe likalika, likabaki kama kijiko. Akaendelea na kijiko. Alipofika kwenye jiwe kubwa, akaliomba njia kwa Kichagga, likasogea."

"Na kwa Kiswahili lisingesogea?" mama mmoja aliuliza.

"Lilikuwa halijaenda shule!"

Watu wakacheka, isipokuwa Eunike. Waliporudi kazini alimsogelea babu.

"Babu, kwa nini kila mara unamtaja mzee Efraimu? Alishafariki. Ukisema ni hadithi yako, nani atajua?"

"Mimi," babu alijibu, akichota tope. "Halafu nisipomtaja yeye, nani atajua kipi ni changu? Lile jiwe ni langu, mjukuu wangu. Efraimu hakuwa na jiwe."

Eunike akainamia maji ili babu asimwone uso.

Jumatatu Filemon alimsubiri getini. Alikuwa amenakili hatua zote kwenye daftari lake, kwa mwandiko mzuri, na jina la Eunike limepigiwa mistari miwili.

"Aisee Eunike, hebu nieleze. Kwa nini tujaribu kila kipande, tusijaribu mara moja mwishoni?"

"Niliona tu... ni vizuri."

"Uliona tu! Wewe ni fundi kweli. Nimemwambia mpaka mama."

Laiti angemtukana! Eunike akaenda moja kwa moja ofisini kwa Mwalimu Winfrida.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini?"

Akasema yote, mpaka habari ya majina sita. Mwalimu Winfrida alilitazama bango lililokuwa mezani, lenye jina la Eunike kubwa kuliko la shule.

"Nitalifuta, Mwalimu."

"Kufuta unajua sana. Leo utaandika. Na wenzako utawaambia mwenyewe. Mjini utakwenda au hutakwenda, wataamua wao."

Mchana klabu ilikusanyika. Eunike alieleza huku machozi yakimdondoka, kisha akaandika ubaoni majina sita, moja baada ya jingine.

"Kumbe!" Filemon alisema. "Na mimi nimekuita fundi mbele ya mama!" Akalifungua daftari, akakata lile jina. "Ngoja. Hii hatua ya kuuliza kipimo kabla ya kuhesabu, ni ya nani kati ya hawa?"

"Hiyo..." Sauti ya Eunike ilikuwa ndogo. "Hiyo niliongeza mimi. Bibi anapima kwa jagi lenye alama za mililita. Aliandika elfu nne, akili mnemba ikasoma lita."

Darasa likanong'ona.

"Basi twende wawili mjini," Filemon alisema. "Lakini utaanza wewe, kwa kuwataja hao sita. Wote. Nitakuwa nahesabu."

Wengine wakakubali. Mwalimu Winfrida akaweka bango jipya mezani.

"Sikilizeni, wanangu," alisema. "Kazi iliyotolewa bure ina mwenyewe bado. Ukimtaja uliyejifunza kwake, hupungukiwi. Anayekusikiliza anajua pa kwenda kuuliza zaidi, na anaona kidogo ulichoongeza wewe. Eunike alichukua vyote, na hata kile kimoja kilicho chake kweli hakuna aliyekiona."

Akampa Eunike kalamu. Eunike akaandika majina sita juu kabisa. Chini, kwenye hatua ya kipimo, akaandika la kwake kwa herufi ndogo.