Sahani ya Gaudens

Mwinjuma aliaga nyumbani kwamba anakwenda kununua mafuta ya taa. Kidumu alikishika mkononi, kwa hiyo hapo hakusema uongo. Ila kwenye pindo la msuli alikuwa na kichupa cha dawa kutoka Kimbiji, na hicho hakukitaja.

Ilikuwa miaka ile ya mgao wa umeme. Magharibi ikiingia, Tandika nzima giza, watu wanaulizana viberiti. Wenzake walikuwa wanaelekea msikitini. Yeye akakata kichochoro cha nyuma ya banda la Gaudens.

Wivu, jamani! Usimwone mtu anacheka nawe ukadhani mambo shwari. Huyu Gaudens alikuja kutoka Bukoba hajui hata kushika tupa. Mwinjuma ndiye aliyemfundisha kukata springi ya gari bovu, kuichoma moto na kuikwangua mpaka ikawa kisu. Wachinjaji wote wa Temeke walikuwa wateja wa Mwinjuma. Kisha viwanda vikaanza kufungwa, mashine zikauzwa kama vyuma chakavu, na Gaudens akajipatia mota. Mota! Akaifunga kwenye meza ya mninga, akaivisha sahani ya chuma, na juu ya sahani akagandisha msasa kwa gundi. Wiki nzima mtaa ukawa hauna habari nyingine. Eti kisu kinachomchukua Mwinjuma asubuhi nzima kwa tupa, pale kitaisha maji ya chai hayajachemka.

Aliyemmaliza kabisa ni mkewe, Mwajabu.

"Baba Talha," alimwambia huku akimenya muhogo, "si umwombe kijana akuunganishie na wewe kama ile?"

Kuomba! Kwa mwanafunzi wake! Roho ilimuuma mpaka chakula hakikupita. Kesho yake akapanda pantoni, akaenda Kimbiji kwa bibi mmoja aliyekuwa akisifiwa kwa mambo hayo.

Bibi hakumtazama usoni.

"Paka nyuma ya sahani," alinong'ona. "Wa kwanza kutia chuma, mkono wake utamhama."

"Utakwenda wapi?"

"Mkono haukosi pa kwenda. Wa kwanza ni nani?"

"Yeye mwenyewe, bibi. Mashine si yake?"

Bibi akacheka bila sauti. Mabega tu ndiyo yaliyotikisika.

Basi ndiyo hayo yaliyomleta kichochoroni. Mlango wa banda ulifungwa kwa kamba tu. Ndani kulinuka gundi na vumbi la chuma. Alipapasa meza, akaugusa waya wa mota ulioviringishwa, akaifikia sahani. Ilikuwa baridi. Alipofungua kichupa, harufu ya ukucha ulioungua ikamjaa puani. Akapaka nyuma ya sahani, kuizunguka nati.

Kisha...

Krrr...

Sahani ilisogea chini ya vidole vyake.

Umeme haukuwapo. Na waya si aliugusa mwenyewe, haukuchomekwa popote? Lakini sahani ilizunguka, polepole, kama mtu anayejigeuza kitandani. Krrr... krrr... Halafu mtu akashusha pumzi gizani, karibu kabisa na shingo yake.

Mwinjuma alitoka mbio. Alifika nyumbani bila mafuta, wala kidumu.

Jumamosi, siku ya kuizindua mashine, umeme ulikuwapo, na watu walijaa bandani. Mwinjuma naye alifika mapema, hakutaka kukosa kuona mwenzake anavyoumbuka. Gaudens alikuwa amevaa shati safi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Kidumu chako hiki. Nimekiokota humu ndani."

Humu ndani, alisema. Wala hakuuliza kilifikaje.

Kisha akachukua bapa la chuma lisilo na makali, akalishika kwa mikono miwili, akampa Mwinjuma.

"Karibu, mwalimu. Ulinifundisha mwenyewe: kwenye chombo kipya, mwalimu ndiye anayetangulia. Mwanafunzi akitangulia, chombo hakina baraka."

Ya Rabi! Ni kweli, ndiyo desturi ya mafundi wa ukoo wake, na ni yeye aliyemfundisha Gaudens. Wivu ulikuwa umemsahaulisha.

"Tangulia wewe tu, mwanangu," akasema. "Mashine ni yako."

"Haiwezekani, mwalimu."

Watu wakaanza kugunaguna. Fundi mzima anakataa kumbariki mwanafunzi wake? Mtaani hapo hilo lina maana moja tu: una neno moyoni, na huenda umeshafanya jambo. Mwajabu naye alikuwa amesimama mlangoni.

"Baba Talha, vipi? Mbariki kijana."

Akalipokea.

Mota ikanguruma. Mwinjuma akaligusisha bapa pembeni mwa sahani, pale msasa unapokula zaidi. Cheche zikaruka. Ile harufu ya ukucha ikarudi... Baridi ikamshika begani, ikateremka mkono mzima, ikafika vidoleni.

Ikatoka.

Vigelegele vikapigwa. Kisu kilikuwa kizuri ajabu, kikapita mkono kwa mkono, na watu wakamsifu. Hakupata kutengeneza kingine.

Tangu siku ile, akishika tupa inateleza. Makali hayaji. Alirudi Kimbiji akilia kama mtoto, na bibi akamjibu neno moja tu: "Nilikuuliza."

Wachinjaji wakahama mmoja mmoja. Mwishowe Gaudens akamhurumia, akamweka bandani kwake apige msasa mipini ya mbao. Mwinjuma akawa anakaa kwenye kona, anamtazama. Kadiri alivyomtazama ndivyo alivyoogopa. Gaudens alijaribu makali kwenye ukucha wa kidole gumba, akauma mdomo wa chini, akapuliza chuma mara mbili. Ni mtindo wa nani ule?

Mchana mmoja akagundua kingine. Gaudens alikuwa anafanya kazi kwa mkono wa kushoto. Gaudens hakuwa mtu wa kushoto hata siku moja. Mtu wa kushoto, aliyechapwa kwenye chuo cha Kurani tangu utoto mpaka mwalimu akachoka, ni Mwinjuma. Wivu ukamkaba upya, mchungu kuliko ule wa kwanza, maana sasa alikuwa anauonea wivu mkono wake mwenyewe.

"Gaudens..." alinong'ona. "Tangu lini..."

Mota ilikuwa inanguruma, hakusikika.

Mwajabu akaingia na sahani ya wali iliyofunikwa kawa. Akampita mumewe pale kwenye kona pasipo kumtazama, akaenda kusimama nyuma ya yule aliyeinamia mashine.

"Baba Talha, chakula tayari."

Mwinjuma akafungua kinywa.

"Naja, Mama Talha," akaitika Gaudens, bila kugeuka.