Sombe Isiyo na Mafuta

Kila jioni Arlette alitwanga sombe, majani ya muhogo, nyuma ya nyumba yao mjini Baraka, huku nyanya yake akichochea moto. Nyanya huyo, Immaculée, wote walimwita Koko. Sombe ikiiva, Koko aliigawa katika sufuria mbili. Kubwa aliitia mafuta ya mawese na ndagala, samaki wadogo wa ziwani. Ndogo hakuitia kitu ila chumvi. Hiyo ilikuwa ya mkwewe Rosette, mama yake Arlette, aliyekuwa mjamzito.

"Mafuta inanonesha mutoto ndani ya tumbo," Koko alisema. "Akinona, atapita wapi?"

Hakuwa mkatili. Binti yake Chérie alikuwa amefariki akijifungua, na tangu hapo Koko aliamini kwamba mtoto aliyekuwa tumboni alikuwa mkubwa mno kupita. Ndiyo sababu alimkataza mkwewe mawese, samaki na hata karanga. Mama Rosette alimheshimu, akatii. Arlette aliona mikono ya mama yake ikikonda, lakini hakusema neno.

Wakati wa likizo ya shule wote watatu walikwenda kwenye kituo cha afya. Muuguzi Clarisse alinyoosha utepe wa kupimia juu ya tumbo la Mama Rosette, akapima, kisha akapima tena.

"Mama, mutoto iko mudogo kuliko miezi yake. Unakulaka nini nyumbani?"

Mama Rosette alimtazama Koko, akainamisha macho. "Nakulaka bizuri."

Aliogopa kumwaibisha Koko, lakini aliogopa zaidi kumpoteza mtoto ambaye hajamwona.

"Hapana, mama Clarisse," alisema. "Anakulaka bugali na sombe yenye haina mafuta. Samaki pia banamukataza."

"Nyamaza," Koko alimkemea. "Ya jikoni inabaki jikoni."

Clarisse hakumcheka Koko. Alivuta kiti, akaketi karibu naye na kumwuliza sababu. Koko alisimulia habari za Chérie mpaka mwisho.

"Pole sana, Koko," Clarisse alisema. "Kuzaa kunaweza kukwama kwa sababu mingi. Ndiyo maana tunataka bamama bazalie hapa, penye musaada. Lakini kumunyima mama chakula hakufungui njia. Kunafanya mutoto azaliwe bila nguvu. Mafuta ya samaki inajenga akili na macho yake. Mawese na karanga pia binamusaidia kukomaa. Si kumwaga chupa nzima ndani ya sufuria, ni kiasi tu, pamoja na maharagi na matunda."

Koko aliuliza, "Na siku ikifika, mutaniacha niingie naye?"

"Utaingia."

Walipopita sokoni Koko alisimama mbele ya fungu la ndagala, akanunua, akampa Arlette. "Beba," alisema tu. Jioni hiyo alipika sufuria moja.

Tangu hapo Mama Rosette alikula samaki, mawese na karanga pamoja na wengine nyumbani. Mashavu yalimjaa, na alicheka tena. Kila walipokwenda kituoni, utepe ulionyesha kwamba tumbo linakua.

Uchungu ulipoanza, ilikuwa asubuhi. Koko ndiye aliyekimbia barabarani kuita pikipiki. Kituoni aliingia na mkwewe, Arlette akabaki nje kwenye benchi. Muda ulipita. Kisha mtoto alilia kwa sauti kubwa hata wanawake waliokuwa wakisubiri wakacheka.

Clarisse alitoka akitabasamu. "Ni musichana. Amepita kilo tatu, na mama yake iko muzima."

Nyuma yake alikuja Koko akipiga vigelegele. Alicheza pale pale uani, kitenge kikimfunguka kiunoni, na wanawake wakainuka kucheza naye. Alipochoka, alimshika Arlette mkono.

"Ile siku nilikukasirikia," alisema mbele ya wote. "Nilizani umenivunjia heshima. Kumbe woga ilikuwa imenifunga macho. Bamama, musikie: chakula cha mama ndicho kinamujenga mutoto wake, na mafuta iko ndani ya kile chakula. Na wewe, mujukuu wangu, kusema kweli kwa ajili ya kuokoa muntu si kukosa heshima. Siku ingine ukiona ninakosea, usinyamaze. Uniambie."