Wawili Chini ya Mkeka

Moelagi alikuwa akichagua majimbi katika soko la Fugalei, amevaa vazi la puletasi la kijani na ua sikioni, mkono wake ulipokutana na wa Viliamu juu ya jimbi moja.

"Dada, hilo nimeliona mimi kwanza."

"Umeliona. Mimi nimelishika."

"Basi nipe namba ya simu, nije kulila kwenu."

Mjanja huyo! Wiki tatu wakapigiana simu mchana kutwa.

"Umekula, mpenzi?"

"Bado. Jimbi lako linakusubiri."

Siku Viliamu alipomtajia mama yake, Penina, ukoo wa msichana, mama aliacha kufagia. Baba yake Moelagi ndiye aliyemuua mume wa Penina katika ugomvi wa mpaka wa shamba, miaka kumi na miwili iliyopita. Alifungwa, akatoka, wala hakuja kupiga magoti. Tangu msiba ule, kila Jumamosi Penina alinoa panga huku mwanawe akimtazama.

"Nilikuwa nangoja ukue tu," alisema, kwa sauti ile ile ya kumwita mezani.

Viliamu akazima simu. Moelagi alidhani amepata mwingine, akalia siku mbili, hadi shangazi yake alipomweleza ukweli.

Jumamosi asubuhi Moelagi alipiga magoti uani kwa Penina, amejifunika mkeka laini wa ukoo. Kwa mila yao, aliyekosewa akiufunua, amesamehe. Asipoufunua, lolote laweza kutokea. Kwa jambo hilo huenda wazee wa ukoo mzima. Yeye alikwenda peke yake.

Penina alimpa mwanawe panga. "Haya. Wamejileta wenyewe."

Viliamu aliliweka chini, akaenda uani, akajipenyeza chini ya mkeka.

"Toka huko."

"Ukitaka kukata, mama, tuko wawili."

Jua likapanda. Chini ya mkeka kukasikika minong'ono.

"Ulinizimia simu."

"Nisamehe, kipenzi."

"Na miguu inakunuka."

Viliamu akacheka. Penina hakuwa amesikia kicheko kile tangu mwanawe akiwa mdogo, na moyo ulimuuma kwa hilo. Akaokota panga, akashuka ngazi, akaufunua mkeka.

"Baba yako aje kupiga magoti mwenyewe," alimwambia Moelagi. "Bila hivyo hakuna harusi."

"Nitamleta, mama."

Penina akamkabidhi panga, mpini mbele.

"Kwa sasa kapasue nazi, tule. Na uangalie vidole, mwanangu. Ni kali sana hilo."