Ushuhuda wa Goti

Kila siku ya shule tulianza na mchakamchaka. Tulizunguka uwanja mara nne tukiimba, tukatoka nje mpaka kona ya maduka, kisha tukarudi. Mimi, Ndeshi wa darasa la sita, nilikuwa wa mwisho. Sisemi wa mwisho wa siku moja. Nilikuwa wa mwisho wa kudumu, kiasi kwamba Lucky, kiranja wa michezo, akiniona naingia alijua shule nzima imeshafika, naye alifunga geti.

Mwezi wa pili nikachoka kuchekwa. Nikamwambia Mwalimu Solomoni, mwalimu wetu wa michezo, kwamba goti langu la kulia linauma. Akanihurumia, akaniketisha kwenye ngazi za ofisi. Niliwatazama wenzangu wakitoka jasho, nikaona raha ambayo sijawahi kuiona. Kesho yake goti likauma tena. Wiki iliyofuata likauma zaidi, na mimi nikawa nachechemea shuleni na nyumbani, ili mama asije akaambiwa tofauti. Haikuwa kazi rahisi. Asubuhi moja nilitumwa sukari, nikaenda dukani nikichechemea mguu wa kushoto, na nilishafika kaunta ndipo nikakumbuka.

Mama alinikanda kwa maji ya moto na chumvi kila usiku. Alipoanza kusema habari za hospitali, shangazi yangu Irine akamwomba aniachie yeye kwanza.

Shangazi Irine ni dada yake baba, na tuliishi naye pale Kaloleni, katika chumba cha nyuma. Alikuwa amesomea mazoezi ya viungo na kufundisha miaka mitatu kwenye jimu moja ya mjini, mpaka ile jimu ikafungwa. Baada ya hapo aliamua kujitegemea. Alijaza mchanga kwenye madumu ya mafuta yakawa ndiyo vyuma vyake, akaomba tairi mbili kuukuu kwa fundi, akapewa ruhusa ya kutumia kiwanja kilicho nyuma ya kanisa. Alitaka awe anamfundisha kila mtu kwa kadiri ya mwili wake, na alikuwa hodari kweli. Tatizo ni kwamba wateja walikuwa wawili tu, na mmoja wao alikuja pale tu alipojisikia kuja.

Basi kila jioni shangazi alinifanyisha mazoezi. Nilinyoosha mguu na kuukunja, nikainua visigino, nikaketi na kusimama bila kushika kitu. Alikuwa mpole, akinitazama usoni kuona kama naumia, nami nilikunja uso pale nilipodhani panafaa. Yalipita majuma mawili hivyo. Kisha Mwalimu Solomoni akatangaza kwamba darasa la sita litakwenda Olmotonyi kujifunza habari za msitu, na mwenye tatizo la mguu atabaki shuleni. Jioni ile goti langu likapona.

Sikutegemea kilichofuata. Shangazi aliketi chini, pale pale kwenye vumbi, akalia. "Tangu jimu ifungwe nilikuwa nimeanza kuamini kwamba sijui kazi," aliniambia. Alijifuta machozi, akatoa simu, akanirekodi nikichuchumaa na kuinuka mara ishirini. Video akaituma kwenye kundi la kwaya. Kabla hatujala chakula cha jioni, watu saba walikuwa wameuliza anafundisha siku gani.

Kanisani kwetu mtu akitendewa jema husimama mbele ya watu akalieleza, na huo ndio huitwa ushuhuda. Shangazi akauhamishia kiwanjani. Kila Jumamosi asubuhi, kabla ya mazoezi, aliniita mbele niseme jinsi nilivyokuwa nikichechemea na jinsi nilivyopona. Nikimaliza nachuchumaa mara ishirini na watu wanapiga makofi. Mara ya kwanza walikuwa tisa. Ilipofika mwezi wa nne walikuwa zaidi ya thelathini, wengi wao wenye magoti yanayouma. Shangazi akatengeneza bango lenye picha yangu nimekunja mguu, akalitundika kwenye uzio, na kila aliyepita barabarani alinijua.

Mwalimu Solomoni naye alipita barabarani. Tangu turudi Olmotonyi nilikuwa nimemwambia kwamba goti limepona la kutembea, bado la kukimbia. Jumatatu yake alinitoa kwenye ngazi, akaniweka mbele ya mchakamchaka wote niongoze nyimbo, kwa kuwa mtu aliyepona goti ni mfano kwa wenzake. Mimi niliyedanganya ili nisikimbie, nikawa nakimbia mbele ya watoto mia tatu, na nyuma yangu Lucky anahimiza, "Ongeza mwendo, Ndeshi." Jioni mazoezi ya shangazi, Jumamosi ushuhuda. Nilikuwa kama mbuzi aliyeingiza kichwa kwenye ndoo. Kuingia hakukumsumbua hata kidogo.

Niliogopa sana siku zile. Kila nilipotaka kusema, nilimwona shangazi ameketi kwenye vumbi akilia kwa furaha, na maneno yakarudi tumboni. Kisha akaja na habari kwamba kuna ukumbi kule mtaa wa Sokon I unapangishwa, wenye sakafu nzuri na vioo, na mwenye ukumbi amekubali kumsubiri mpaka mwisho wa mwezi. Alizungumza kuhusu ukumbi ule asubuhi na jioni. Nami niliona kila mtu mpya aliyeingia kiwanjani ananifungia mlango mwingine.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa tano ikaja pikapu ya maziwa kutoka Olmotonyi. Nyuma ya madebe alishuka mjukuu, msichana wa rika langu aitwaye Diana, na mbele alishuka bibi yake kwa shida kubwa. Diana alimwita Koko, kama Wamaasai wanavyomwita bibi, na sote tukamwita Koko Namnyaki. Goti lake la kushoto lilikuwa limevimba likalingana na paja. Nilimwamkia shikamoo, akanivuta, akanigusa kichwani kama wanavyobariki watoto kwao. Kisha akainama, akaligusa goti langu.

"Ni hili lenyewe?" akauliza.

"Ndiyo, Koko," nikajibu.

Alikuja Jumamosi tatu. Shangazi alimpa mazoezi mepesi, lakini kila wiki niliona goti linazidi kuvimba na linang'aa. Wiki ya tatu Diana alinivuta kando, tukakaa kwenye tairi. Akanieleza kwamba daktari alitaka kulitoa lile goti maji ayapime, na tarehe ilikuwa Jumanne iliyopita. Bibi hakwenda, wakampangia Jumanne ijayo. Baba yake Diana alimbembeleza, bibi akajibu kwamba kuna mtoto wa Kaloleni amepona bila sindano, basi naye atapona. Usiku uliopita alikuwa na homa.

"Wewe lako lilivimba hivyo hivyo?" Diana aliuliza. Hakuniuliza kwa ubaya. Alitaka nimwambie ndiyo, ili apate kulala vizuri.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Koko, nikapiga magoti, nikamwomba arudi hospitali. Akacheka, akanipapasa shavu. Alisema inakuwaje mimi niliyepona bila hospitali nimwambie yeye aende, au nataka dawa hii iwe yangu peke yangu. Nikakimbilia kwa shangazi, nikamshika mkono, nikamwambia nina jambo. Alikuwa anapanga watu mistari. Akasema tutaongea baadaye, wageni ni wengi leo, nisimame mbele nianze.

Nilisimama. Watu walikuwa wakinitazama, Koko ameketi kwenye kiti cha plastiki mbele kabisa, mguu umenyooka. Mlima Meru ulikuwa wazi asubuhi ile, hauna hata wingu, na nilitamani niwe kule juu, mahali ambapo hakuna anayejua jina langu. Nilitazama goti la Koko linavyong'aa, nikajua nikichuchumaa mara ishirini leo, na Jumanne ijayo hatakwenda.

"Goti langu halikuwa linauma," nikasema.

Mtu mmoja nyuma akacheka kidogo, akidhani ndiyo mwanzo wa ushuhuda. Shangazi alikuja karibu yangu, akasema taratibu, "Rudia."

"Halikuwahi kuuma, shangazi. Niliongopa ili nisikimbie mchakamchaka. Koko, tafadhali nenda hospitali. Hakuna aliyepona hapa, maana hakukuwa na mgonjwa."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama Arnold, mmoja wa wale wateja wawili wa kwanza, alisimama akaanza kukunja mkeka wake, na sauti ya ule mkeka naikumbuka mpaka leo. Nilimtazama shangazi nikingoja kofi. Hakunigusa, wala hakuniangalia. Aliwaambia watu kwamba mazoezi ya leo yameishia hapo na kwamba anawaomba radhi. Kisha akamwinamia Koko, akamwambia kwamba goti hili si la kwake kulitibu, ni la daktari, na kwamba alitakiwa kumwambia hivyo siku ya kwanza. Koko aliniangalia, akaliangalia na goti lake. Mwishowe akanyoosha mkono, shangazi akamwinua, wakaingia kwenye pikapu ya maziwa na Diana, wakaenda hospitali.

Walirudi jioni bila Koko. Goti lilikuwa na usaha, na daktari alisema wangechelewa kidogo tu ugonjwa ungeingia kwenye mfupa. Koko alikuwa amelazwa. Shangazi alitueleza hayo mimi na mama akiwa amesimama mlangoni, kisha akaenda kulishusha bango kwenye uzio kwa mikono yake. Nililia sana, na safari hii sikuwa najilazimisha.

Wiki ile ilikuwa ngumu. Watu waliobaki walikuwa sita. Ukumbi wa Sokon I alipewa mtu mwingine. Mama alinipa adhabu ya kufua mikeka ya mazoezi kila Jumapili mpaka likizo ya mwisho wa mwaka, na Jumatatu akanisindikiza kwa Mwalimu Solomoni nikaeleze mwenyewe. Mwalimu alinisikiliza, akatikisa kichwa, akanirudisha mkiani mwa mchakamchaka. Nilitembea kwenda mkiani nikahisi mwili umekuwa mwepesi.

Shangazi hakuacha kazi. Alianza upya na wale sita, kwa utaratibu mwingine. Mtu akija siku ya kwanza hanyanyui hata dumu moja. Anaketi, anaulizwa anavyolala, anavyokula, anaumwa nini, na kama ana ugonjwa aje na karatasi ya daktari. Wengine walikasirika wakaondoka. Lakini muuguzi aliyempokea Koko alikumbuka kwamba aliletwa na mwalimu wake wa mazoezi, tena mwalimu huyo alikiri kwa mdomo wake mwenyewe kwamba alikosea. Akaja kujiandikisha, baadaye akaleta wenzake wanne wanaosimama zamu nzima na kuumwa migongo. Mwezi wa nane walikuwa ishirini na tano, na Mama Arnold alirudi, ingawa mkeka wake aliutandika mbali na mimi.

Jumamosi moja pikapu ya maziwa ikasimama tena. Koko Namnyaki alishuka mwenyewe, akiwa na fimbo mkononi na karatasi ya daktari imefungwa kwenye pindo la shuka. Daktari alikuwa ameruhusu mazoezi mepesi. Mwanamke mmoja mgeni alipoona jinsi wote walivyofurahi, akauliza kama bibi atatoa ushuhuda. Shangazi alisema hapana, siku hizi hapa tunafanya mazoezi tu.

Nilikuwa nimejibanza nyuma ya madumu. Koko aliniita. Nilikwenda nikainamisha kichwa mwenyewe, kama Diana anavyofanya, na mkono wake ukakaa juu ya nywele zangu.

"Ulichelewa," alisema. "Lakini ulisema. Kwetu tunasema sidai, mtoto wangu, yaani ni vizuri."

Baada ya mazoezi shangazi alinisaidia kubeba mikeka, akaongea nami kwa kirefu kwa mara ya kwanza tangu siku ile. "Ungesema siku ya kwanza, ungechekwa wewe peke yako kwa dakika tano," aliniambia. "Ulipouacha uongo ukae, ukamfikia bibi wa watu Olmotonyi ambaye hata humjui. Ukikosea, sema mapema, wakati bado ni aibu yako peke yako. Na mimi nina kosa langu. Niliupenda uongo wako kwa kuwa ulinisifu, nikasahau kuuliza maswali. Sasa wateja wangu wanajua ninachoweza na nisichoweza, na ndiyo maana wanarudi." Nilimwomba msamaha tena. Akasema alishanisamehe, ila mikeka bado ni michafu.

Jumatatu tulikimbia mchakamchaka kama kawaida. Nilikuwa mkiani, mahali pangu, sina haraka na mtu. Tulipopita kona ya maduka nikaona mgongo wa msichana wa darasa la tano uko karibu kuliko kawaida, nikampita. Nikapita na mwingine. Miezi yote ile ya kunyoosha na kuchuchumaa, kumbe miguu haikujua kwamba tunadanganya. Nikaingia getini napumua vizuri tu. Lucky aliponiona, kwa mazoea, akafunga geti.

Wenzetu watatu wakabaki nje wanagonga. Jioni nilipomsimulia shangazi, alicheka mpaka akaketi chini, pale pale kwenye vumbi.